Rula Iliyolala Kwangu

Nataja majina kwanza, usije ukaniambia nimeota. Siku hiyo tulikuwa wanne. Mimi. Mdogo wangu Wekesa, aliyekuwa kidato cha nne. Kitinda mimba wetu Nasimiyu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, ambaye hawezi kunyamaza hata umpe peremende. Na Mama Ciku, anayeuza maharagwe na njugu katika duka linaloshiriki ukuta na lile ninalotaka kukueleza. Wote wanne tuko hai, tuko Nakuru hii hii. Ukitaka, tuweke kila mtu chumba chake, utuulize mmoja mmoja. Kulikuwa na wa tano pia. Huyo sijui nimhesabu vipi. Nitakwambia nilivyomwona, umhesabu mwenyewe.

Najua visa vya namna hii watu huvipenda viwe vya usiku, mtu akitoka matangani peke yake. Changu kilitokea saa tisa alasiri, katikati ya mji, nikiwa nimeshiba chapati, na pombe sijawahi kuionja. Kwa hiyo usinitafutie sababu.

Babu yetu alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli kutoka magharibi, baba akazaliwa hapa, na sisi pia. Baba alitangulia. Mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Mimi ndimi kifungua mimba, na hakuna mtu aliyeniketisha chini akaniambia la kufanya. Nilirudi shuleni kuchukua vitabu vyangu tu, nikaviweka chini ya kitanda ili Wekesa avikute siku yake ikifika. Kisha nikaingia karakana ya Fundi Odhiambo kule Kaptembwo kupiga msasa na vanishi. Siku hizi napima, nakata na kuunga. Mteja akija akiuliza fundi yuko wapi, Odhiambo ananyoosha kidole kwangu, na mteja anatazama nyuma yangu kumtafuta mwanaume.

Kabla mama hajafumba macho nilimwambia jambo moja tu: Wekesa atamaliza shule. Sikusema labda.

Basi, kidato cha tatu Wekesa alianza kuanguka. Mtoto wa namba ya pili darasani akawa wa ishirini na kitu. Mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba amekuwa mvivu na anaiga daftari la jirani. Nilimgombeza. Ndiyo, nilimgombeza, na hadi leo nikikumbuka naona aibu. Kwani ningejuaje? Nilikuja kugundua siku alipoleta chai karakana akampa mteja kikombe changu, kisha akasimama hatua nne kutoka kwangu akiuliza, "Dada yangu ametoka?"

Lanet kulikuwa na kanisa limeleta madaktari wa macho, upimaji bure. Tulifika alfajiri, tukapimwa adhuhuri. Daktari aliandika karatasi: jicho la kulia hasi tano na robo, la kushoto hasi tano. Akaniuliza, "Huyu amekuwa akisomaje?" Nikajibu, "Kwa kuiga daftari la jirani." Hakucheka.

Karatasi tunayo, miwani hatuna. Duka la kwanza mjini walinitajia bei ambayo ni mshahara wangu wa miezi miwili, nisile wala nisilipe nyumba. Duka la pili wakaongeza. Ndipo msichana mmoja anayenunua stuli kwetu akanionyesha kwenye simu jinsi watu wanavyoagiza miwani mtandaoni. Unachagua fremu, unaandika namba za karatasi ya daktari, unalipa kwa simu, inakuja kwa ofisi ya vifurushi. Bei ilikuwa robo ya ile ya mjini. Robo! Niliangalia mara tatu nikidhani sijaona sifuri.

Odhiambo alinicheka siku nzima. "Watu wananunua viatu kwa simu vinawabana, wewe unanunua macho?"

"Macho anayo. Nanunua vioo," nikamjibu.

"Haya. Wakituma ya bibi kizee, utavaa wewe."

Nilijaza kila kitu bila shida mpaka nikafika kisanduku kimoja: umbali kati ya mboni za macho, kwa milimita. Karatasi ya daktari haikuwa nayo. Wewe ungefanya nini? Mimi ni fundi. Kupima ndiyo kazi yangu. Nilimketisha Wekesa juu ya benchi, nikatoa futi yangu ya chuma, nikampima kama ninavyopima fremu ya dirisha: kutoka ukingo wa nje wa jicho jeusi hili hadi ukingo wa nje wa lile. Nje kwa nje. Ndivyo nilivyofundishwa, ukipima dirisha kwa ndani utalia siku ya kulipachika. Nikapata sabini na tatu. Nikaandika sabini na tatu kwa mkono usiotetemeka.

Miwani ilifika, nzuri, fremu nyeusi. Wekesa akaivaa, akapiga hatua mbili, akashika ukuta. "Dada, mlango umekuwa miwili." Baada ya dakika kumi alitapika. Alijilazimisha kuivaa siku tatu kwa sababu yangu, kichwa kikimpasuka, akiniambia, "Naizoea, dada, naizoea." Siku ya nne nikaivua usoni mwake kwa nguvu.

Niliwaandikia wauzaji. Wakanijibu vizuri tu, bila dharau, kwamba namba niliyoandika haielekei kuwa ya kijana wa umri ule, na kwamba wana desturi ya kubadilisha vioo mara moja bila malipo, mara moja pekee, nikiwatumia kipimo sahihi kabla wiki mbili hazijaisha. Nilikuwa nimebakiwa na siku mbili. Mtihani wa Wekesa ulikuwa wiki tatu mbele. Pesa ya miwani nyingine haikuwepo popote, hata ningeuza kitanda.

Ndiyo maana siku hiyo tulikuwa mjini sote watatu. Tulienda lile duka la kwanza nikaomba wanipimie ule umbali tu, nilipie hata kitu kidogo. Dada wa kaunta akatazama ile miwani mkononi mwangu, akajua.

"Hiyo namba ni ya wateja wa miwani yetu," akasema.

"Nitakulipa kwa kupima."

"Aliyekuuzia si akupimie?"

Nasimiyu akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Kwani rula yenu itaisha?" Nikamvuta mkono tukatoka.

Mvua ya mawe ilitukuta kwenye ile mitaa ya maduka ya zamani yenye baraza za mawe na nguzo, upande wa kuteremkia stesheni. Wanaokaa Nakuru wanaijua mvua hiyo. Haitishii, inaanguka tu kama mtu amemwaga kokoto juu ya mabati. Tukakimbilia baraza la kwanza tuliloona. Nyuma yetu kulikuwa na mlango wa mbao wa rangi ya kijani na dirisha la kioo, na juu yake maandishi yaliyofifia, herufi moja moja: MIWANI.

Nilikuwa bado nayatazama mlango ulipofunguliwa.

Alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, sweta ya kijivu, shati limefungwa kifungo cha juu kabisa. Alitutazama kama mtu aliyekuwa akitungoja na sisi tumechelewa.

"Hapana simama nje, beti. Mawe napiga mtoto. Ingia, ingia." Beti kwao ni binti.

Tukaingia. Umeme ulikuwa umekatika, au ndivyo nilivyodhani, maana ndani kulikuwa na mwanga wa dirishani tu. Kulikuwa na kaunta ndefu ya mvule, kazi ya mikono, viungo vyake vimekaa hata ukucha haupiti. Niliipapasa bila kuomba ruhusa. Nyuma yake kulikuwa na droo ndogo ndogo hadi darini, kila moja na kipande cha karatasi.

"Wewe seremala," akasema.

"Umejuaje, mzee?"

"Mtu ingine naangalia miwani. Wewe naangalia meza." Akanyoosha mkono. "Leta hiyo."

Nikampa miwani ya Wekesa. Aliinyanyua mbele ya dirisha, akaisogeza kushoto na kulia, akamtazama Wekesa, akaitazama tena. Kisha akaniuliza nilipima vipi. Nikamwelezea. Nje kwa nje, kama dirisha.

Alicheka hadi akashika kaunta. Nakwambia kweli, lilikuwa cheko la mtu wa kawaida kabisa, lenye kikohozi ndani yake. "Arre! Beti! Kijana si mlango!"

Wekesa naye akaanza kucheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Nasimiyu akarukaruka: "Kijana si mlango! Kijana si mlango!" Nikasimama pale nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja.

Mzee akatoa kutoka mfukoni rula fupi nyeupe, yenye mkato wa nusu duara katikati wa kukaa juu ya pua. Akamketisha Wekesa, akakaa mbele yake, uso kwa uso, umbali wa mkono mmoja kati yao. Akafumba jicho lake la kulia, akamwambia Wekesa atazame lile la kushoto lililo wazi. Akaweka sifuri katikati ya mboni ya kulia ya Wekesa. Katikati, akanionyesha kwa ukucha, pale penye kitone cheusi kuliko weusi wote. Kisha bila kusogeza rula akafumba la kushoto, akafungua la kulia, akamwambia Wekesa atazame hilo. Akasoma.

"Sitini na moja."

Nilihisi uso unawaka. Sabini na tatu yangu ilikuwa imezidi kwa upana wa kidole changu cha mwisho. Mtoto alikuwa akitazama ulimwengu kupitia ukingo wa vioo, siyo katikati yake.

"Sasa wewe," akaniambia.

"Mimi naona vizuri, mzee."

"Wewe pima mimi. Jua fanya, si jua namba."

Nikachukua rula, nikakaa pale alipokuwa Wekesa. Nikafanya kama alivyofanya. Na hapo, msomaji wangu, ndipo jambo la kwanza lilipotokea, ijapokuwa sikulielewa wakati ule. Ukimsogelea mtu kiasi hicho na mwanga uko nyuma yako, unajiona ndani ya mboni yake. Unaona dirisha dogo na kichwa chako kidogo. Tangu siku ile nimetazama macho ya watu wengi na sijakosa kujiona hata mara moja. Ndani ya macho ya yule mzee sikujiona. Hapakuwa na dirisha, hapakuwa na mimi. Palikuwa peusi tu, petulivu, kama kisima. Nikasema moyoni, ni giza la chumba.

"Sitini na nne," nikasema.

"Barabara," akasema. Alionekana kuridhika sana, kama mtu aliyesubiri muda mrefu ajue namba yake.

Nikamuuliza atalipwa nini. Akapunga mkono. Akaniambia nisitume namba kwa kumwamini yeye. Niende nyumbani, nisubiri jua litoke, nimpime kijana mara tatu kwenye mwanga wa jua. Nikipata namba moja mara zote tatu, ndipo nitume. "Chukua rula. Halafu leta. Hii azima tu."

Sasa lazima nikueleze sheria ya karakana yetu. Kifaa cha kuazima hakilali. Ukiazima randa au patasi, jua lisizame ikiwa kwako, na ukiichukua unaacha kifaa chako mahali pake. Odhiambo alimfukuza kijana mmoja mzuri sana wa kazi kwa kulala na msumeno wa mtu. Kwa hiyo nilitoa penseli yangu ya useremala sikioni, ile bapa, nyekundu, yenye alama za meno yangu, nikaiweka juu ya kaunta.

"Jioni nitakuja kuichukua, mzee."

Aliitazama ile penseli kwa muda. Akaigusa kwa kidole kimoja. "Jioni," akasema.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika ghafla, jua linachoma, mawe yanayeyuka barabarani. Sijui niliona haraka gani, lakini nilijikuta nyumbani, Wekesa mlangoni ametazamana na jua, mimi mbele yake nimefumba jicho moja. Sitini na moja. Akaenda kunywa maji, akarudi. Sitini na moja. Nasimiyu akadai na yeye apime, akapima. "Sitini na moja, na ana uchafu jichoni." Nikawatumia wauzaji namba ile hapo hapo. Wakajibu kwamba wameipata, na kwamba sasa imekaa sawa.

Jua lilikuwa bado mkono mmoja juu ya milima. Nikawaambia wadogo zangu wanisubiri, nikakimbia mjini na rula mfukoni.

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hiyo si ajabu, watu hufunga maduka. Lakini ile kufuli ilikuwa imeshikana na kutu hadi tundu la ufunguo halionekani, na kati ya kufuli na fremu buibui alikuwa amejenga, tena si wa leo. Mimi ni mtu wa milango. Najua mlango uliofunguliwa leo na najua mlango ambao haujafunguliwa miaka. Bawaba zilikuwa zimejaa vumbi lililogandamana. Nikagonga vivyo hivyo.

Mama Ciku akatoka duka la pili na ungo mkononi. Ndipo tulipofahamiana.

"Ni wewe tena?" akasema. "Sasa umekuja kuangalia nini?"

"Namtafuta mzee wa miwani, mathe. Nimrudishie kitu chake."

Akaweka ungo chini. "Daktari? Huyo alikufa kabla ya korona. Watoto wake wako ng'ambo, hakuna aliyekuja kufungua. Hata panya walihama."

"Mathe, tulikuwa naye mchana. Alitufungulia wakati wa mvua ya mawe."

Akanitazama vizuri, kuanzia viatu. Halafu akasema polepole, na haya ndiyo maneno nisiyoyasahau: "Mwanangu, wakati wa mvua mlikuwa hapa barazani. Nimewaona mimi. Wewe na kijana na katoto. Mlisimama mvua nzima mmeipa mgongo barabara, mnaangalia huo mlango kama watu wanaangalia sinema. Nikawaita mje ndani mkae. Nikaita, nikaita. Hamkugeuka. Kwanza mlikuwa mnacheka."

Nikaweka mikono pande zote za uso, nikakaribia kioo cha dirisha. Kilikuwa kichafu kama kimepakwa unga. Nilitemea mate kona moja nikafuta kwa mkono wa sweta. Ndani niliona kaunta ya mvule. Niliona droo. Kila kitu kilikuwa na vumbi nene, sawasawa, bila alama ya kiganja changu wala ya mtu yeyote.

Na juu ya kaunta kulikuwa na penseli. Bapa. Nyekundu. Yenye alama za meno. Nayo ilikuwa na vumbi.

Rula ilikuwa mkononi mwangu, nyeupe, imeshika joto langu.

Mama Ciku naye alichungulia. Akaniuliza hiyo penseli ni ya nani, nikamwambia. Akashika rozari yake, akaenda kufunga duka mapema, akanipa nusu kilo ya njugu bila kuniuliza pesa. Nadhani ndiyo njia aliyoijua ya kunifukuza kwa upole.

Unadhani nililala usiku ule? Nililala fofofo. Wewe unaweza kuogopa kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nimepata sitini na moja, na nilikuwa nimeituma.

Kifurushi kilifika siku nane kabla ya mtihani. Wekesa alipitia karakana akitoka shuleni, nikamkabidhi. Odhiambo akazima mashine. Hata wale vijana wa kupaka rangi walisogea. Wekesa akaivaa. Hakushika ukuta. Alisimama wima, akageuka mlangoni, akatazama ng'ambo ya barabara, ukuta wa bwana mmoja muuza mbao.

"Kumbe pale pameandikwa kitu," akasema.

"Soma," nikamwambia.

"U-si-ko-jo-e hapa."

Odhiambo aliangua kicheko akakaa juu ya mbao. "Na wewe umekojoa hapo miaka miwili! Tulidhani ni kiburi!"

Wote wakacheka hadi machozi. Wekesa hakusikia. Alikuwa ameinua uso kuelekea Menengai, mdomo wazi. "Dada, ule mlima una miti. Mmoja mmoja." Kisha akanigeukia, akanitazama usoni kwa muda mrefu sana, mtoto niliyemlea tangu akiwa na miaka minane, akinisoma kama anasoma gazeti. Nikasubiri aseme kitu kizuri.

"Dada," akasema, "kumbe una mvi."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilimkimbiza kwa ufagio hadi barabarani, na alikwepa kila kitu njiani. Kila jiwe, kila mfereji, hata boda boda. Niliona anavyokwepa nikasimama na ufagio wangu nikalia mbele ya watu, na sikujali.

Alifanya mtihani akiona ubao, saa ya ukutani, na mistari midogo ya vyombo vya fizikia. Matokeo yalipotoka, yule mwalimu wa ripoti alinipigia simu mwenyewe. Leo Wekesa yuko chuoni anasomea upimaji wa ardhi. Mama aliambiwa atamaliza shule, na amemaliza. Hakuna mtu atakayenipokonya hilo, si aliye hai si aliyekufa.

Sasa nikuonye, maana nimekueleza kwa ajili hiyo. Miwani ya mtandaoni si mchezo na si uongo. Imemwokoa ndugu yangu, na familia nyingi mtaani kwetu sasa zinaagiza huko. Lakini macho yapimwe na daktari kwanza, na ule umbali usiubahatishe. Usipime nje kwa nje. Usimwachie fundi mjuaji kama mimi. Ukikosa wa kukupimia, njoo karakana Jumapili baada ya ibada, utatukuta. Nawaketisha watu juu ya lile lile benchi, nafumba jicho moja, nafungua jingine, nawaandikia namba kwenye kipande cha msasa. Sichukui chochote. Ningewezaje, na rula si yangu?

Na la pili: mvua ya mawe ikikukuta mjini na mzee akakufungulia mlango wa kijani, ingia. Msalimie, umsikilize. Ila usiondoke na kitu chake mkononi kama hujui njia ya kukirudisha. Mimi niliondoka nacho. Sheria ya karakana ni jua lisizame, nalo limezama mara nyingi mno tangu siku ile na rula imelala kwangu. Odhiambo anajua. Ndiye pekee ambaye hajanicheka kwa hili. Anasema tu, "Kifaa cha watu, fundi," anageuka.

Sijakaa kitako. Kila mvua ya mawe inaponikuta mjini naenda pale barazani na rula mkononi, naipa mgongo barabara, nasubiri. Mama Ciku ananiwekea chai. Mlango haujafunguka. Nikimaliza nachungulia kwenye ile kona ya kioo niliyoifuta, kuhakikisha penseli yangu ipo.

Ipo. Lakini mwezi uliopita nilimwita Mama Ciku aje aone, nisije nikajiambia ni macho yangu. Mimi ni fundi, najua urefu wa penseli yangu. Niliiacha ndefu kuliko kiganja. Sasa imebaki urefu wa kidole kimoja tu, na ncha yake imechongwa, kali, mpya.

Anaitumia. Bado anaandika namba za watu mle ndani, na hana rula.